Nyumba Itakabidhiwa Ikiwa Tupu

4 Februari

Kaka Mwenye Nyumba,

Najua jina hilo hulipendi, lakini baba ndiye aliyekubandika siku alipoiandikisha nyumba kwa jina lako ungali na kaptura ya shule, na leo kwa mara ya kwanza lina faida. Mnunuzi amepatikana. Ni mwalimu na mke wake, wana mtoto mchanga, na wameipenda nyumba mpaka wakawa wanapapasa kuta. Bei ni ile uliyoitaka. Mkataba tumesaini jana, mimi kama wakili wako, kwa niaba yako. Wakili wao ni kijana mmoja anayesoma kila mstari mara mbili kana kwamba anatafuta chawa.

Nakuandikia kwa sababu tukipigiana simu tunagombana, na mwishowe hakuna anayekumbuka tulikubaliana nini. Kwa hiyo kila kitu kwa maandishi, kama wateja wangu wengine.

Usianze kufunga mizigo. Hati yako ina rehani. Baba alikopa benki, akalipa, akafariki, na hakuna aliyekwenda masjala ya ardhi kuifuta. Benki yenyewe haipo tena, ilimezwa na nyingine, na hiyo nyingine nayo ikamezwa. Nikipiga simu wananiwekea muziki. Bila barua yao kwamba deni liliisha, msajili hawezi kuihamisha nyumba kwenda kwa mtu yeyote. Halafu kuna jiko la mama: mpimaji anasema ukuta wake wa nyuma umeingia kwenye kiwanja cha jirani. Na mkataba unataka nyumba ikabidhiwe ikiwa tupu, bila mtu wala kitu ndani, mwisho wa Machi.

Kuhusu mama, mwenyewe ameshaniambia mambo yatakavyokuwa, akanionya nisilifanye gumzo. Basi sisemi neno. Ila nimefurahi, na ujue hivyo.

Mdogo wako,
Muhuri


9 Februari

Muhuri mdogo wangu,

Mwisho wa Machi ndio mwisho wangu pia. Huku nimeshasaini kununua, na ikifika tarehe hiyo sijalipa, nyumba inakwenda kwa mtu mwingine na arubuni niliyotanguliza inaliwa. Unajua tunavyoishi: watoto watatu, mimi na wifi yako, chumba na sebule juu ya duka la dobi, mashine zinaunguruma kutwa nzima mpaka tumezoea kuongea kwa kupayuka hata zinapozimwa. Nyumba mpya ina ua. Wifi yako ameshapima madirisha na kushona mapazia, na mtoto wa mwisho amechagua ukuta wake wa kuchorea. Mimi ndiye nimebaki kusema "bado", na neno lenyewe limeanza kunichosha mdomo.

Jiko libomoe. Hiyo rehani waambie baba alilipa, kila mtu anajua.

Kuhusu mama, nami ameniambia. Amenikataza kukushukuru, kwa hiyo sikushukuru. Umeona nilivyo mtoto mtiifu.

Fanya haraka, tafadhali.

Kaka yako


20 Februari

Kaka,

"Kila mtu anajua." Masjala ingekuwa inaandika yale ambayo kila mtu anajua, mimi nisingekuwa na kazi. Nimekwenda huko wiki hii yote. Mara mtandao umekatika, mara jalada liko kwa mtu aliye likizo, mara limerudi lakini karatasi ya rehani haimo, mara imo lakini msajili ametoka. Leo nimekaa benchi moja na mwanamume aliyekuja na chai yake kwenye chupa na mto wa kukalia. Nilimcheka moyoni. Saa nane mchana nilikuwa namwonea wivu.

Jirani hataki fidia, anataka ukuta wa jiko urudi nyuma, basi. Nilipeleka fundi Jumamosi. Mama alisimama mlangoni akimwangalia anavyopima, kisha akamwambia, "Bomoa taratibu, kuna vyungu ndani." Ila nyumba ilinishtua, kabati halipo tena. Amempa mke wa jirani. Kitanda cha wageni nacho kimekwenda. Nikamwambia abaki na sufuria hata mbili. "Anakokwenda mtu sufuria zipo," akanijibu, akaendelea kukunja mashuka. Ana haraka kuliko wewe.

Na shukrani zako baki nazo. Ndugu simtozi ada, utanilipa kwa kunyamaza kidogo.

Muhuri


1 Machi

Muhuri,

Nimenyamaza, nimeona faida yake: hakuna kilichosogea.

Sikiliza. Rafiki yangu mmoja huku amewahi kuuza nyumba, anasema kuna kitu kinaitwa ahadi ya wakili. Unamwandikia huyo kijana mchambuzi wa chawa kwamba unaahidi rehani itafutwa, yeye anakubali, pesa inalipwa, mengine mnamalizia baadaye mkinywa soda. Mbona hukuniambia? Au wewe ni wakili wa benki?

Aliyeniuzia amenipigia asubuhi. Anasema kuna mtu mwingine amekuja kuiangalia nyumba, na mtu huyo ana pesa mkononi. Sikumwambia wifi yako. Nilikwenda nikasimama bafuni, ndiko mahali pekee humu pasipo na mtoto, nikahesabu vigae mpaka moyo ukatulia. Nisaidie, mdogo wangu. Nimekuomba mambo mangapi maishani?

Kaka yako


7 Machi

Kaka,

Mengi. Lakini soma kwanza, usijibu kwa hasira.

Ahadi ya wakili si neno la kupozana. Nikiiandika, halafu benki isilete barua, ninayelipa ni mimi, na leseni yangu inakwenda na maji. Nisingeiandika hata kwa baba.

Sasa habari njema, kunjua uso polepole usije ukachanika. Barua ya benki imefika, ina majina matatu ya benki kwenye kichwa chake kama mtu aliyeolewa mara tatu. Rehani imefutwa. Ukuta wa jiko umerudi nyuma, jirani amesaini. Hati yako ni safi kwa mara ya kwanza tangu uwe nayo.

Limebaki jambo moja la kijinga. Mama anaishi ndani, kwa hiyo hata kama jina lake halimo kwenye hati, haondolewi bila ridhaa yake. Alishasaini fomu ya ridhaa, pale pale kwenye meza yake ya kulia, mimi nikashuhudia. Kijana ameirudisha. Anasema mtu wa namna hiyo lazima aonane peke yake na wakili asiye wa upande wowote, aelezwe anachokiacha, ndipo asaini. Ni kweli, sheria ndivyo ilivyo, mimi mwenyewe huwaambia wateja kila wiki. Nikamwandikia kwamba huyu ni mama yangu mzazi. Akanijibu kwa maneno mawili: "Ndiyo sababu." Nilikasirika mpaka nikashindwa kula.

Basi atakwenda kwa wakili wa ghorofa ya chini, tuliyesoma naye. Ni shughuli ya dakika chache. Kisha tumemaliza, Mwenye Nyumba. Mwambie wifi atundike mapazia.

Muhuri


11 Machi

Wakili mwenzangu,

Fomu ya mama yako nairudisha bila muhuri. Usishuke ngazi kuja kunigombeza, soma kwanza.

Alikuja mapema, amevaa viatu vya kutokea, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Nikamweleza kama ninavyomweleza kila mtu: nyumba haina jina lake, lakini kwa kuwa ndimo anamoishi hawezi kutolewa bila kukubali, na akishasaini hatakuwa na la kusema tena. Akasema ameelewa, akanyoosha mkono kuomba kalamu. Swali langu la mwisho huwa ni lile lile, wewe unalijua, tulifundishwa darasa moja. Nikamuuliza nyumba ikishakabidhiwa, usiku huo atalala wapi.

"Hilo nalo linaandikwa?"

"Linaandikwa, mama."

"Basi andika kwa watoto."

Nikamuuliza kwa yupi, kwa binti au kwa mwana. Akasema niandike yeyote, wote amewazaa yeye. Nikamwambia siwezi kuandika yeyote. Akaomba maji. Alipomaliza kunywa aliangalia ofisi pande zote, kisha akaniuliza kile chumba chetu cha nyuma tunachowekea majalada, kama tunakipangisha.

Nilidhani ni utani, nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilimwomba ruhusa nikuandikie haya yote. Akasema, "Mwandikie. Za mawakili wenzake labda anazisoma."

Niko ofisini mpaka jioni ukitaka kuzungumza. Pole.

Wakili wa ghorofa ya chini


11 Machi

Kaka,

Jibu hili kabla hujafanya jambo lingine lolote. Mama anahamia wapi?

Muhuri


12 Machi

Muhuri,

Swali gani hili? Anahamia kwenu. Aliniambia mwenyewe siku nilipompigia kumwambia nauza. Alisema wewe na shemeji mmemtayarishia chumba, mlango wake unatazama bustani, nisihangaike, ila nisiwashukuru kwa sababu shemeji hapendi kusifiwa. Nikasema sawa mama. Nilimuuliza pia kuhusu magoti yake, nakumbuka vizuri, nilimuuliza.

Nyumba ninayonunua ina vyumba vitatu. Kimoja chetu, viwili vya watoto, na kila kimoja kimeshapata mwenyewe. Sikuacha cha mama kwa sababu kwenu kipo.

Kwenu si kipo? Nijibu leo hii.

Kaka


12 Machi

Kaka,

Kwetu hakipo. Mimi aliniambia anakuja huko kwako. Wifi amemtengea chumba, watoto wamefurahi, mambo ya safari mnayashughulikia, na nisiyazungumze yasije yakaingia mkosi. Ulipoandika "amenikataza kukushukuru" nilidhani unazungumzia ada yangu.

Nimejaribu kukukasirikia, imenishinda, kwa sababu naikumbuka siku aliponiambia. Nilikuwa nakata vitunguu. Nikasema "Afadhali, mama," nikaendelea kukata. Nilifarijika, kaka. Mama mkwe wangu yuko chumba cha pili tangu mwaka juzi, sina nafasi hata ya pasi, na nilifarijika kwamba wa kwetu anakwenda kwako. Sikuuliza tarehe. Sikuuliza tiketi. Kila mtu anayekaa mbele ya meza yangu namuuliza nani analala ndani ya nyumba na atakwenda wapi. Mama yangu nilimpa kalamu.

Nimetoka kwake sasa hivi. Amekaa sebuleni juu ya kigoda, maana viti ameshagawa. Nikamwomba tuzungumze. "Andikeni," akaniambia, "si ndivyo mnavyoongea siku hizi?" Akaniaga kwa heshima, kama unavyomwaga mtu wa kusoma mita. Nimelia njia nzima, na sikumbuki nilivuka wapi barabara.

Nikizungumza kama wakili wako: bila ridhaa yake hakuna mauzo, na ukijitoa utamrudishia mwalimu arubuni yake pamoja na fidia. Nikizungumza kama mdogo wako: sitamwomba asaini. Hati ni yako, amua wewe.

Muhuri


16 Machi

Mama, shikamoo.

Nakala ya barua hii nampelekea Muhuri. Nimemwambia asitishe mauzo. Nyumba ya huku nimeiacha, amepewa yule mwenye pesa mkononi, na arubuni yangu imekwenda. Mke wangu haongei nami. Anazungumza na watoto, watoto wananiletea ujumbe, na mimi natuma majibu, yote haya kwenye sebule moja.

Mama, nami nilifarijika uliponiambia umepata chumba kwa Muhuri. Sikupenda kuliandika hili lakini naona ni deni langu. Nilikata simu nikamwambia mke wangu, "La mama limekwisha," kama mtu aliyemaliza kulipia umeme. Nalisikia neno hilo kila nikilala.

Kaa nyumbani kwako. Hakuna atakayekuja tena na futi ya kupimia. Nitakuletea viti. Nisamehe, mama yangu.

Mwanao


20 Machi

Wanangu,

Barua zenu nimezisoma, yako Mwenye Nyumba, na yako pia Muhuri ile uliyoipitisha chini ya mlango ukakimbia kama mtoto aliyevunja kioo. Miwani imekatika mkono, nimesoma nikiwa nimeishikilia, kwa hiyo nimesoma taratibu na sikuruka kitu.

Nani amewaambia msitishe? Mlianza kuuza bila kuniuliza, na sasa mmeacha kuuza bila kuniuliza.

Mnadhani niliwadanganya kwa sababu sikutaka kuwa mzigo. Hayo ni maneno ya watu wapole. Niliwadanganya kwa hasira. Wewe kaka ulipiga simu ukasema, "Mama, nimeamua kuuza," kana kwamba unaniarifu kuhusu baiskeli yako. Dada yako naye akaja na mpimaji kabla ya kuja na swali. Nikasema haya, ngoja nimpe kila mmoja jibu analolipenda, nione nani atampigia mwenzake na kusema, "Mama anakuja kwako, unajua hawezi tena kula vitu vya moto?" Nilingoja. Nikagawa kabati ili mshtuke. Nikagawa kitanda. Muhuri akaniambia nibaki na sufuria mbili.

Kisha hasira ikaniponza mwenyewe, maana tarehe ilikuwa inakuja kwelikweli na mimi sina pa kwenda. Siku ile kwa wakili niliogopa. Nalisema wazi ili mjue. Niliketi pale mtu mzima mimi, nimewazaa ninyi, naulizwa nitalala wapi, na kichwani hamna kitu. Msamaha nimewapa, lakini msiniulize kama yameisha, yakiisha nitawaambia.

Sasa sikilizeni. Nyumba hii siitaki. Kwenda bafuni ni kushuka ngazi na magoti hayataki ngazi, paa linavuja juu ya mto wangu, na ninyi mmekwisha kuondoka. Nililala humu na baba yenu, nikaifagia kila siku ya Mungu, na kila karatasi iliyoletwa mlangoni ilikuwa na jina la mtoto wangu. Postamani akinikuta alikuwa ananiuliza, "Mwenyewe yupo?" Nikawa nasema yuko shule.

Uzeni. Yule mwalimu na mke wake nimewaita jana tukazungumza, mtoto wao akalala kwenye mkeka wangu. Bado wanaitaka, na kijana wao wa chawa amekubali kungoja wiki mbili zaidi. Lakini sisaini mpaka kwanza zitoke pesa za nyumba yangu kwenye bei hiyo. Nimeshaiona. Ni chumba na jiko, chini, nyuma ya kituo cha afya, maji yanatoka ndani. Anayeiuza ni mjane anayehamia kwa mwanawe. Nilimuuliza mara mbili kama ni kweli, kisha nikampigia huyo mwanawe mwenyewe.

Hati ya hapo iandikwe jina langu, langu peke yangu, hata la mjukuu lisikaribie. Kitakachobaki ni chako, Mwenye Nyumba. Tafuta nyumba inayokitosha. Watoto watabanana kitandani, nanyi mlibanana na mmekua. Mkwe wangu nitamwandikia mimi, wewe usijaribu kumweleza, utaharibu.

Muhuri, wewe endelea kuwa wakili wa kaka yako. Wangu ni yule wa ghorofa ya chini. Usinune. Yeye aliniuliza.

Nikishahamia mtakuja kunisalimia, nitafurahi, nitapika. Lakini funguo sitampa mtu. Mkifika mpige hodi, na mngoje hapo nje mpaka niseme karibu.

Mama yenu